Shawa moto, baridi, moto tena: hita usiiguse kwanza

Shawa ikianza visa tu watu wanasema hita imekufa, inanunuliwa mpya, inafungwa, na maji bado ni yaleyale. Mi naanzia mbali na hita kabisa, nafungua bomba la moto pale kwenye sinki. Kama sinki inatoa moto wa maana afu shawa inatoa uvuguvugu, basi hita yenyewe iko poa, angalia mikisa ya bafuni, lile bomba linalochanganya maji ya moto na baridi. Mle ndani kuna katriji, kile kipande kinachofanya kazi ya kuchanganya, mipira yake ikichakaa au ikijaa chokaa haichanganyi vizuri tena, inabadilishwa katriji tu, mikisa inabaki ileile.

Kuna tatizo lingine mafundi wengi wanalipita: maji baridi kuvuka na kuingia kwenye laini ya moto. Kulijua ni rahisi, funga valvu ya maji baridi yanayoingia kwenye hita, afu fungua bomba la moto, yatoke yaliyobaki kwenye paipu. Yakiendelea kutoka kwa presha ujue kuna sehemu yanavuka, na mara nyingine hata sio shawa, ni ule mpira wa kunawia ambao mtu kabana kichwa chake tu akaacha koki zote mbili, ya moto na ya baridi, ziko wazi. Unafunga koki, kwisha habari.

Sasa hizi hita za papo kwa papo zinazofungwa juu ya shawa, hapo ni hesabu tupu. Hita ya kilowati 5 ikipitisha lita 3 kwa dakika inapandisha joto kama digrii 24, ukifungulia lita 6 inapandisha 12 tu, yaani maji yaliyoingia na digrii 20 yanatoka na 32 na hapo lazima utetemeke. Kwa hiyo punguza maji kidogo. Ila ukipunguza sana, au matundu ya kichwa cha shawa yakiziba, swichi ya presha inajizima yenyewe na unapata baridi ghafla, ikirudi inawaka tena, ndo ile moto baridi moto inayotutesa. Kichwa kivue ukiloweke kwenye siki usiku mzima, na kachujio pale maji yanapoingilia kasafishe pia.

Kwa wenye hita ya tenki yenye koili mbili za kuchemshia maji, ya juu na ya chini, ukioga kidogo tu maji yakaisha moto, koili ya chini ndo mshukiwa wa kwanza. Themostati, ile ya kupangia joto la hita, wengi wanaweka digrii 60 ili bakteria wa Legionella wasizaliane humo, sawa, lakini maji ya 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama 5 na mtoto ni haraka zaidi, so mikisa ndo iyashushe hadi 38 au 40 hivi kabla hayajakufikia.

Na ile ya mtu kuflashi choo we ukaruka kwa moto, choo kimevuta baridi yote. Bana kidogo koki ya tenki la choo lijae polepole, itapungua sana.

Usifungue kifuniko cha hita kabla hujazima swichi yake kubwa, na kama maji yanakupiga shoti acha kuoga hapo, ita fundi umeme, fundi bomba hiyo haimhusu.