Beseni la Maji na Vifaranga wa Bata

Vifaranga wangu wa kwanza wa bata waliatamiwa na kuku wa kienyeji kwa siku 28, nami nikawawekea beseni lililojaa maji, nikiamini kwamba bata huzaliwa na kuogelea kwake. Jioni niliwakuta wawili wameloa chapachapa, wakitetemeka, na hawakuiona asubuhi. Kumbe katika wiki za mwanzo kifaranga hana mafuta ya kutosha ya kuzuia manyoya yake yasilowe, na kuku, hata awe mlezi hodari namna gani, hawezi kumsaidia kwa hilo.

Siku hizi natumia sahani iliyotiwa kokoto, yenye maji ya kumwezesha kifaranga kuzamisha mdomo na kusafisha tundu za pua bila kuingia mwili mzima. Joto la wiki ya kwanza huwa nyuzi 32 hivi, kisha hupunguzwa kidogo kidogo. Maranda nayabadilisha kila siku, maana bata humwaga maji kuliko anavyoyanywa. Katika chakula cha vifaranga wa kuku naongeza dagaa waliosagwa, kwa kuwa vitamini B3 ikipungua, miguu ya bata hupinda.