Jinsi nilivyotumia harufu ya fukusi kuwakamata fukusi wa migomba

Katika shamba letu la migomba huko Kabare, upande wa Ziwa Kivu, si mbali na Bukavu ninakoishi, migomba ilikuwa ikianguka kila upepo ulipovuma, mingine ikiwa na mikungu michanga. Watu walilaumu upepo. Nilipopasua tunguu la mgomba ulioanguka, yaani kile kitako kinene kilicho chini ya udongo, nilikuta limejaa vijia vyeusi vilivyochimbwa na mabuu ya fukusi, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, anayetembea usiku na kuruka kwa nadra sana.

Dume la fukusi hutoa feromoni, yaani harufu inayowavuta wenzake, majike kwa madume. Wanakemia waliitambua mwaka wa 1995 na kuiita sodidini. Siku hizi hutengenezwa kiwandani na kuwekwa katika vifuko vinavyoiachia polepole kwa takriban mwezi mmoja. Mtaalamu mmoja wa kilimo alinipatia vifuko vichache. Kwa kuwa mdudu huyu hutembea, nilizika ndoo kivulini hadi mdomo wake ukalingana kabisa na udongo, nikatia maji ya sabuni ili anayetumbukia azame, na kuning'iniza kifuko juu yake.

Mzee jirani yangu aliniuliza, “Mwanangu, unawaita wadudu wa kijiji kizima waje kwako?” Swali lake lilikuwa na maana, ila harufu hiyo haifiki mbali, na ndiyo sababu mtego mmoja hauwezi kusema lolote kuhusu shamba zima.

Faida kubwa niliiona katika kuhesabu. Ndoo za upande wa juu zilikuwa karibu tupu, lakini zile zilizokuwa karibu na migomba ya zamani, ambako visiki vya migomba iliyovunwa viliachwa vioze, zilijaa kila nilipozikagua. Hapo nilijua pa kuanzia: tuling'oa visiki hivyo, tukavikatakata na kuvianika juani, kwa sababu fukusi huzaliana humo. Machipukizi mapya tuliyamenya tunguu, kisha tukayatumbukiza katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 kabla ya kuyapanda.

Idadi katika ndoo ilishuka, lakini polepole mno, kwa kuwa mabuu yaliyo ndani ya tunguu hayaguswi na mtego, na fukusi mkubwa anaweza kuishi hadi miaka miwili. Anayetarajia ndoo peke yake zimwokolee shamba katika msimu mmoja atapoteza fedha zake, maana vifuko ni ghali kwa mkulima wa kawaida wa huku.

Sasa ninabakiza ndoo mbili zenye vifuko kwenye mpaka na pale palipokuwa na visiki. Kwingine ninalaza vipande vya shina la mgomba vilivyopasuliwa, upande uliokatwa ukielekea chini. Havigharimu kitu, huwavuta fukusi pia, ingawa ni lazima kuvibadilisha mara kwa mara vinapooza na kuwaokota wadudu kwa mkono asubuhi.