Uji wa Mama Mkubwa

Kilo 97 na gramu 400. Nikashuka, nikaisukuma mizani kwa mguu hadi pembe ya pili ya chumba, nikapanda tena. 97 na 400.

Nyumba yetu ya Muhungu imejengwa kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za Bukavu, mashariki ya Kongo, na nilikuwa nimejishawishi kwamba sakafu imeinama ndiyo maana mizani inadanganya. Siku moja nikaburuta mfuko wa mchele wa kilo 25 kutoka stoo, nikausimamisha juu yake. Ikasoma 25 kamili. Niliuchukia ule mchele siku nzima, na jioni nikakataa kuupika.

Ilikuwa mwezi wa nane, 2022. Wiki ya kumi na moja kwenye namba ileile.

Mwezi wa pili wa mwaka huo nilikuwa nimepita Kigali kwenda India kukatwa tumbo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo: wanatoboa matundu madogo, wanaingiza kamera, wanakata na kutoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula, wanakuachia mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Niliondoka na kilo 128. Magoti yalikuwa yamekwisha, sukari ilikuwa inapanda, na ngazi za Kadutu nilizozipanda nikikimbia nikiwa msichana nilikuwa sasa nazitazama kutoka chini. Kulipia safari na upasuaji, mimi na baba watoto tuliuza kiwanja chetu cha Panzi.

Hapo ndipo siri ilipoanzia. Ningemwelezaje mtu wa ukoo wetu kwamba nimeuza udongo ili nikonde? Tukasema ninakwenda kutolewa mawe ya nyongo. Uongo huo ulikaa vizuri mno, hata makovu yalifanana. (Baadaye nilisoma kwamba kukonda haraka kunaweza kumletea mtu mawe hayo hayo ya nyongo. Nilifunga simu nikalala.)

Kusimama kwa mizani kwenyewe hakukuwa kugeni kwangu. Mara ya kwanza kulikuja wiki ya tatu baada ya upasuaji, na dada wa lishe wa kule hospitalini alikuwa amenitahadharisha. Siku za mwanzo unakunywa supu na maziwa tu, na mwili unatumia akiba yake ya sukari, ile inayoitwa glikojeni, ambayo hukaa kwenye ini na misuli ikiwa imeshikana na maji mengi, kama gramu tatu za maji kwa kila gramu moja. Maji yale yakitoka, kilo zinashuka kama zimesukumwa. Mwili ukianza kurudisha akiba, maji nayo yanarudi na namba inaganda, ingawa mafuta bado yanaungua. Nilisubiri siku tisa, ikashuka yenyewe.

Nilijua pia kwamba kuna kusimama kwa pili, na kwa tatu. Mwili mdogo unakula moto mdogo kuliko mwili mkubwa. Chakula kilichokukondesha ukiwa na kilo 120 kinaweza kukushikilia palepale ukiwa na 90. Haya yote niliyajua. Lakini wiki kumi na moja, miezi sita tu baada ya upasuaji, wakati wenzangu waliolazwa nami walikuwa bado wananitumia picha za suruali zinazowavuka?

Nikafanya ujinga wote anaofanya mtu mwenye hofu. Nilipunguza chakula hadi yai moja la kuchemsha na sambaza kumi, vile visamaki vya ziwa letu, nilizihesabu. Nilitembea kutoka nyumbani hadi dukani kwangu Nyawera na kurudi, kwenye vumbi la kiangazi, kitambaa puani. Nilijipima asubuhi, baada ya choo, kabla ya kulala, na kila mara nilisoma namba kwa sauti, sijui kwa nini. Labda nilidhani ikisikia jina lake itaona aibu.

Mjini, watu walikuwa na macho. Nauza vitenge, na mteja anayenunua kitenge anakutazama kiuno kabla ya kutazama nguo. “Mama, umepungua hivi, unaumwa?” Wengine hawakuuliza, na hao ndio walionitisha. Nywele zilikuwa zinatoka kwa mafungu kwenye kitana, jambo la kawaida kati ya mwezi wa tatu na wa sita, lakini nani angejua? Nikila haraka kidogo, tonge moja kubwa tu, nilikimbilia nyuma ya duka kutapika.

Kukonda, kutapika, nywele kutoka. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam huenda hajui neno karuho. Kwetu Kivu linasemwa msibani kwa sauti ya chini: sumu ya polepole, inayotiwa kwenye kinywaji na mtu anayecheka nawe, na mwenye kuipata huisha kidogo kidogo huku hospitali hawaoni kitu.

Mama Mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, alifika kutoka Walungu mwanzoni mwa mwezi wa sita. Alisema amekuja kusalimia. Alinitazama mlangoni, akashika mkono wangu juu ya kiwiko, akauzungusha kama mtu anayepima kuku sokoni, akauachilia. Kesho yake alichukua jiko. Hakuna aliyempa, alilichukua tu.

Nami nilifurahi, haki ya Mungu. Kila asubuhi nilikuta chupa ya chai imejazwa uji wa sosoma, ule wa soya, mtama na mahindi, na jioni nyingine. Uji ulipita bila kunikwama, na soya ina protini, nami nilikuwa na deni la gramu 60 za protini kila siku ambalo nyama haikuweza kunilipia. Nilibeba chupa yangu dukani, nikanywa funda kwa funda hadi adhuhuri. Ulikuwa mtamu, na chini ya utamu kulikuwa na uchungu fulani. Nikasema ni ulimi wangu, maana baada ya upasuaji ladha hubadilika, hata kahawa niliipenda zamani nikaiacha. Mara nyingine kwenye saa nne moyo ulidunda, jasho likanitoka, nikahisi usingizi mzito. Nikasema ni joto la duka.

Mwishowe nilimwandikia dada wa lishe. Yeye Kiingereza, mimi Kifaransa, simu katikati ikitafsiri vibaya. Hakunipa pole wala dawa. Aliniambia niandike kila kinachopita mdomoni kwa siku tatu, na kipimo chake. Nilituma daftari langu kwa kiburi: yai, sambaza, lengalenga (mchicha) vijiko vitatu, uji. Jibu lilikuja na swali moja. Huo uji una nini ndani?

Sikujua. Mwanamke wa miaka 41, mwenye duka, anayehesabu sambaza, sikujua.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya kiangazi, ukungu juu ya ziwa. Mama Mkubwa alikuwa amechutama mbele ya mbabula, lile jiko dogo la makaa, nje ya jiko, kitenge mabegani, anakoroga. Alikuwa amenipa mgongo. Nikamwona anachota sukari kwa kijiko cha kugawia chakula: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Maziwa ya unga. Karanga alizozisaga mwenyewe, ngumi nzima. Kisha akatoa kwenye kifundo cha kitenge kichupa cha maji ya kijani kibichi, akamimina, akaonja kwa kiganja, akakunja uso, akaongeza sukari.

“Mama Mkubwa, hiyo ni nini?”

Hakushtuka. Alimaliza kukoroga kwanza. “Ni mubirizi.”

Mubirizi ni ule mti wenye majani machungu kuliko kwinini. Bibi zetu walitupa tukiwa na homa au minyoo.

“Wa nini?”

“Wa ile kitu walikupatia.” Akageuka, na nikaona kwamba alikuwa na furaha. “Mutoto yangu, unadhani sioni? Mama yako aliniachia wewe. Nilikuta unaisha. Sasa angalia: kila asubuhi nakusikia kule chumbani, tisini na saba, tisini na saba. Nasema Nyamuzinda asante, imesimama. Dawa inakamata.”

Mimi nilikuwa nalia juu ya mizani, na upande wa pili wa ukuta yeye alikuwa anamshukuru Mungu kwa namba ileile.

Nilichukua daftari nikapiga hesabu pale pale, nimekaa kwenye ngazi. Chupa moja ilikaribia kalori 700. Nilikuwa nakunywa mbili. Dada wa lishe alikuwa ameniwekea kama 1,000 kwa siku nzima. Na ule moyo wa saa nne ulikuwa sukari, inayomwagika kutoka tumbo dogo kwenda utumboni kwa kishindo. Tumbo la ndizi linazuia wali na ugali. Kitu cha majimaji linakiachia njia, hata kiwe na utajiri gani. Hilo pia nilikuwa nimeambiwa, na nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu: acha soda, acha juisi. Uji haukuwa kwenye orodha yangu kwa sababu uji ni wa wagonjwa na watoto, nani amewahi kuuogopa uji?

Nilitaka kukasirika. Nilimwangalia vidole vyake, vyeusi kwa makaa, na kichupa ambacho alikuwa analala nacho kifundoni. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa kwa ugonjwa alioambiwa na macho yake. Mimi ndiye niliyemnyima ugonjwa wenyewe.

Sitadanganya kwamba mizani ilitii kesho yake. Ilikaa siku kumi na mbili zaidi, kisha nikaona 96 na 800, nikapiga kelele baba watoto akaja na fagio akidhani ni nyoka. Baada ya hapo ilisimama tena kwenye 90, na kwenye 84 karibu miezi miwili, safari hizo bila uji wa kulaumu. Niliacha kujipima mara tatu; nikabaki na Jumamosi. Leo nina 82 na nadhani mwili umekataa kuendelea, nami nimechoka kubishana nao. Vitamini na vipimo vya damu ni vya maisha yote, hivyo sivibishii.

Lakini asubuhi ile nilikuwa bado sijasema. Nilimwambia Mama Mkubwa aingie chumbani, nikafunga mlango, nikafungua kitenge, nikamwonyesha tumbo. Nikamweleza yote: ndege, kamera, kisu, kiwanja cha Panzi. Kuhusu kiwanja alifumba macho, akayafumbua. Kuhusu mawe ya nyongo alisonya.

Kisha alichukua kidole chake, akagusa kovu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Makovu madogo, hata ukucha unayafunika. Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani analia.

“Na kile kipande walichokata,” akasema, “kule India, walikitupa wapi?”

Nikafungua mdomo. Katika miezi yote sita sikuwahi kuuliza.