Saturn na PlayStation juu ya meza moja

Hatimaye nimezifungua mashine zangu mbili za gemu: Sega Saturn na PlayStation ya kwanza ya kijivu, modeli ya SCPH-1002. Mashine hizi ziliingia sokoni Japani mwishoni mwa 1994, zikipishana siku chache tu. Zangu ni za Ulaya, kwa hiyo umeme wetu wa nyumbani unazifaa.

Nimeanza na Saturn. Bodi imejaa chipu hadi unajiuliza nani alikuwa anapiga hesabu za gharama. Prosesa kuu ni mbili, Hitachi SH-2 za takriban MHz 28, na zaidi ya hizo kuna prosesa ya SH-1 ya kusimamia CD na nyingine nzima, 68000, kwa ajili ya sauti. Kwa kutazama tu, PlayStation imeshapigwa. Shida ni kwamba SH-2 zote zinapita njia moja kuifikia memori: moja ikisoma, nyingine inasubiri. Ukitaka zote zifanye kazi kweli, lazima upange gemu ili kila moja ishughulike zaidi na kilichomo kwenye kashe yake (memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya KB 4. Studio ngapi zilikuwa na muda huo?

PlayStation ina prosesa moja tu, R3000A ya MHz 33.9, na hesabu za 3D zinafanywa na GTE, kitengo maalumu kilichomo ndani ya chipu hiyohiyo. Majibu yanakwenda kwenye GPU, chipu ya picha, inachora pembetatu, basi. Saturn inachora maumbo ya pembe nne, kwa hiyo gemu lililoundwa kwa pembetatu likihamishiwa huko lina kazi.

Nikaziwasha kwenye TV ya chogo. Vivuli vingi vya Saturn ni vitobo vitobo kama wavu, ila chogo inavichanganya vikaonekana laini. Kwenye flati vitobo vinakutolea macho. PlayStation nayo, kuta za ndani ya gemu hujikunja ukizisogelea.

Kwa uimara wa mashine yenyewe namchagua Saturn. Kwenye PlayStation za mwanzo lenzi ya kusoma CD inateleza juu ya reli za plastiki, tena jirani na pawa saplai yenye joto. Ndiyo maana watu walikuwa wakizicheza zimegeuzwa juu chini. Reli nimezisafisha, nikapaka grisi kidogo.

Saturn bado inaniuliza lugha na tarehe kila nikiiwasha, maana betri ya CR2032 imekufa. Nikinunua mpya, zinazofuata ni kapasita za pawa saplai.