Picha ya Akili Mnemba Haina Futikamba

Andika maneno machache kwenye programu ya akili mnemba, mathalani "ua wa jumba la kifalme, usiku, mvua imetoka kunyesha", na ndani ya nusu dakika utapata mandhari ya kupendeza kwa ajili ya jukwaa la tamthilia. Mwongozaji ataipenda papo hapo. Shida ni kwamba picha hiyo haikupimwa, na kesho yake fundi seremala ndiye atakayeambiwa aijenge.

Tazama ngazi. Vidato vya chini vina kimo kimoja, vya juu kingine, na vya mwisho huzama ukutani. Jukwaani, kidato kilichozidi wenzake kwa sentimita mbili tu kinatosha kumwangusha mwigizaji aliyevaa joho refu akishuka gizani. Kwa hiyo picha isiende karakana kabla ya kuchorwa upya. Chora ramani ya jukwaa kwa kipimo cha 1:25, uweke upana, kina na kimo cha mabomba yanayotundikiwa taa. Kata mtu wa kadibodi mwenye sentimita 6.8, ndiye mtu wa sentimita 170, umsimamishe kwenye kila mlango na kila ngazi. Kisha shusha jicho hadi usawa wa kiti cha pembeni kabisa cha safu ya mbele. Aghalabu utakuta nguzo iliyopendeza pichani inamficha mhusika mkuu.

Mwanga hudanganya zaidi. Pichani mwale umejaa dirisha zima, lakini taa yenyewe imesimama wapi? Taa ambayo mwale wake hutanuka kwa digrii 26, ikiwa mita 6 nyuma ya dirisha huangaza duara la karibu mita 2.8. Isogeze hadi mita 2, kwa kuwa nyuma ya ukuta hakuna nafasi, na duara linasinyaa hadi sentimita 92 hivi. Hapo utahitaji taa ya mwale mpana zaidi, au ukuta usogee mbele.

Programu za lugha nazo husoma tamthilia zikatoa rasimu ya orodha ya mabadiliko ya taa. Hii naiunga mkono, ila ipe kwanza jedwali la taa ulizo nazo na namba za chaneli zake, yaani njia zinazoiamuru kila taa, la sivyo itabuni taa zisizokuwepo. Kagua pia mabadiliko ya polepole. Laini moja ya DMX, mfumo wa kuziamuru taa za jukwaani, ina chaneli 512, na kila chaneli ina thamani za 0 hadi 255. Ukipandisha taa ya LED kutoka 0 hadi asilimia 10 kwa sekunde 30, unapata hatua kama 25 tu, kila moja zaidi ya sekunde, na alfajiri yako itarukaruka mbele ya watazamaji. Tumia taa zenye hali ya biti 16, zinazounganisha chaneli mbili kupata thamani 65,536.

Kazi ngumu kuliko zote ni picha ya projekta inayomfuata mwigizaji. Kamera, kompyuta na projekta kila kimoja huongeza ucheleweshaji. Ukifika milisekunde 100 kwa jumla, mwigizaji anayetembea mita 1.5 kwa sekunde anaiacha picha nyuma sentimita 15. Kamera ya kawaida pia humpoteza taa zinapozimwa, ndiyo maana hutumika kamera na taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Mwaka 2016, Royal Shakespeare Company, kampuni ya maigizo ya Uingereza, ilipomleta Ariel, yule roho, kwa umbo la kidijitali katika tamthilia ya Shakespeare The Tempest, mwigizaji alivaa suti yenye vitambuzi mwilini, hivyo miondoko yake haikutegemea kamera kumwona.

Vipo vitu ambavyo akili mnemba isiviguse: kamba zinazoinua mandhari au watu, milango ya sakafuni inayofunguka chini ya miguu, na fataki. Programu inayotambua sauti ikisikia neno la ishara likisemwa mapema kwa makosa, itashusha ukuta palepale. Msimamizi wa jukwaa ataona kwanza kwamba mtoto bado amesimama chini yake.