Mwezi Uliopotelea Juu ya Congo

Wiki ya mbalamwezi mwalo wa Katonga, ufukwe wa wavuvi wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, huwa kimya. Dagaa hufuata taa kwenye giza, na mwezi ukiwa mpevu ziwa zima huwa jeupe, hawana sababu ya kukusanyika kwenye taa ya mtu. Kwa hiyo alfajiri ya Jumatatu, tarehe 16 Mei 2022, tulikuta mitumbwi yote imevutwa mchangani. Mjomba alikuwa amevaa koti lake la ziwani ingawa ana miaka mingi hajaingia majini.

Nilikuwa nimesafiri kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya saa moja ya kupatwa kwa mwezi. Mwezi ungeanza kumegwa saa 11:27 na kufunikwa wote saa 12:29. Dar, saa 12:29 ni wakati ambao mwezi tayari unazama na jua limeshachomoza. Kigoma iko magharibi zaidi kwa karibu nyuzi 10 za longitudo, na kila uzi mmoja huchelewesha jua na mwezi kwa dakika nne. Huku tungebakiwa na nusu saa hivi, nami nilitaka kuitumia nikiwa na mjomba, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha mwezi tangu nikiwa mdogo: siku za kutoka kuvua, siku za kulala nyumbani.

Ulianza kuliwa kwa juu. Nilitarajia ubavuni, lakini mwezi unaozama huwa umeelekeza juu upande wa mbele wa safari yake ya kuizunguka dunia, na huko ndiko kivuli kilikoingilia. Adhana ya alfajiri ilitoka theluthi ya mwezi ikiwa imekwenda. Mjomba alitandika koti mchangani akasali, kisha akaunganisha na sala ya kupatwa kwa mwezi, rakaa mbili, kila rakaa na rukuu mbili. Nilisimama nyuma yake nikamfuata. Sijawahi kusali mahali penye utulivu kama ule, maji yakigusa mchanga na mwanga ukipungua mgongoni mwake.

Tulipomaliza kilikuwa kimebaki kipande chembamba chini, kama ukucha, na sehemu iliyofunikwa ilikuwa na rangi ya matofali mabichi. Rangi hiyo hutokana na mwanga wa jua unaopenya kwenye hewa ya dunia na kupinda hadi kuufikia mwezi. Ni mapambazuko na machweo ya dunia nzima kwa pamoja. Nilimweleza mjomba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi hata haya yetu yamo."

Kipande kile kikatoweka. Na hapo ndipo nilipoupoteza.

Nilikuwa nimejiandaa kuuona ukishuka nyuma ya milima ya Congo. Haukufika huko. Mbingu ilikuwa inapauka kutoka nyuma yetu, na mwezi mwekundu usio na mwanga wake haukuwa na nguvu ya kushindana na alfajiri. Chini upande wa magharibi ulikuwepo mkanda wa buluu iliyofifia, juu yake waridi. Ule nao ni kivuli cha dunia, kimeangukia hewani. Kivuli kilekile kilichoufunika mwezi, na mwezi ulikuwa unatumbukia ndani yake. Nilihangaisha macho huku na huko.

"Unaona lile bonde kati ya vilima viwili?" mjomba akaniambia. "Panda juu yake vidole vitatu."

Miaka yote ya ziwani alikuwa akijipimia mahali alipo kwa milima ile. Nilinyoosha mkono nikapima. Ulikuwepo, doa la kutu kwenye buluu. Niliuona labda dakika tatu. Kisha mimi nikaukosa, na baada ya muda kidogo yeye pia akashusha mkono.

Jua lilikuwa halijatufikia, lakini vilele vya ng'ambo vilishaanza kupata rangi ya dhahabu. Mjomba aliuliza kama umekwisha.

"Haujakwisha, Mjomba. Saa 1:11 ndipo utakapofika ndani zaidi ya kivuli. Kinshasa kwao bado ni usiku, wanauona."

Akakung'uta mchanga kwenye koti, akabaki ameelekea Congo.

"Bado uko juu kwao?"

"Bado uko juu."

Tukakaa hapo mpaka jua lilipofika mchangani.