Ndege ya kufundishia yenye siti moja

Bamdogo wangu ni fundi pikipiki pale Majengo, juzi nimekaa kwenye benchi lake nasubiri anibadilishie cheni, nkamwonesha kwenye simu picha ya ndege ya zamani ya Wajerumani, Focke-Wulf Fw 56, nkamwambia hii walikuwa wanafundishia marubani wa kivita. Akaikuza ile picha, akaangalia weee, akasema mbona siti moja, mwalimu anakaa wapi?

Jibu ni kwamba mwalimu anabaki chini. Mwanafunzi anakuwa ashaiva kwenye ndege ya siti mbili, kama Stieglitz ya kiwanda hichohicho, akifika kwenye hii yuko peke yake na Mungu wake. Nkamwambia si ndo ulivyonifanyia mimi ukinifundisha pikipiki kule Veyula, siku tatu umekaa nyuma umenishikia mpaka mikono, siku ya nne ukashuka ukasema nenda mpaka kwenye ule mbuyu urudi. Nilienda vizuri tu, kurudi ndo nkalala mchangani, ila hiyo tuiache.

Sasa ndege yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakubwa wa anga Ujerumani walitaka ndege moja ifanye kazi mbili, imalizie mafunzo ya marubani wa kivita, na siku mambo yakiharibika iwekwe bunduki za rashasha ilinde nyumbani. Na Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ulikuwa umewanyima kabisa jeshi la anga, lao walikuja kulitangaza waziwazi 1935, kwahiyo hilo neno "mafunzo" lilikuwa geresha kiasi chake. Kampuni kadhaa zikaingia, Arado na Ar 76, Heinkel na He 74, Henschel nao, na Focke-Wulf wakaja na ya injinia wao Kurt Tank, yuleyule aliyekuja kuchora Fw 190 baadae, ndege ya kivita ya Vita ya Pili ya Dunia.

Ya kwanza iliruka Novemba 1933 na miguu ikasumbua, yani zile tairi na shokapu zake kwenye kutua. Ya pili wakajaribu bawa la chuma, ya tatu wakarudi kwenye mbao. Mi hapo ndo nampendea Tank, hakuona aibu kurudi kwa seremala. Bawa lenyewe ni moja, limekaa juu ya kichwa cha rubani kama mwavuli, limeshikiliwa na vyuma, kwahiyo ukiangalia chini hakuna kinachokuziba.

Nilipofika kwenye injini bamdogo akaweka spana chini. Ni Argus As 10, silinda 8, inapozwa na hewa tu kama pikipiki, nguvu za farasi 240, halafu imefungwa kichwa chini miguu juu, silinda zinaning'inia huku shafti ya panga iko juu. Faida yake panga linakaa mbali na ardhi na pua haimzibi rubani. Bamdogo akauliza palepale, sasa ikilala si oili inashukia kwenye silinda? Ndiyo inashuka, ndo maana injini za hivi kabla ya kuwasha inabidi ulizungushe panga kwa mkono taratibu, ukilazimisha na oili imejaa ndani unapindisha koneki. Akatingisha kichwa kama vile kafiwa.

Jina lake lingine ni Stösser, ndege wa jamii ya mwewe. Kila aliyefuga kuku huku kwetu anamjua mwewe anavyoshuka kwenye vifaranga, na hii ilikuwa hivyohivyo, ngumu kwelikweli ukiielekeza chini, mpaka Ernst Udet, yule rubani aliyekuwa na wazimu wa kudondosha mabomu huku ndege inashuka wima, akaitumia kwenye majaribio yake.

Ikawashinda wenzake, zikatengenezwa karibu 1,000, nyingine zikaenda Austria na Hungary. Ila ile kazi ya pili ya kulinda nyumbani, hamna kitu. Spidi yake ni kama kilomita 270 na kitu kwa saa, na 1935 Bf 109 ya kwanza, ndege ya kivita yenyewe hasa ya Wajerumani, ilikuwa imesharuka, sasa hapo unamlinda nani? Kwangu mimi ndege nyepesi ya kivita ni ndoto ya watu wa bajeti, kila nchi iliiota miaka ile. Kama shule lakini, ilikuwa shule haswa.

Tank baada ya vita alienda Argentina, halafu India, kule akawachorea Marut, ndege ya jeti iliyoruka 1961. Hapa bamdogo alikuwa hasikilizi tena, bado yuko kwenye injini. Alinirudishia simu kioo chote grisi, akasema injini kama ile akiletewa anaifungua bure, aione tu ndani. Cheni yangu akanichaji bei ya wateja.